Chapwa

Alhamisi, saa kumi, zahanati ya Uvinza, chumba cha chanjo.
Wanaume saba kwenye viti vya plastiki;
mizani ya watoto inaning'inia juu yetu.

Nikasema: nilimsukuma kidogo.
Butoyi akauliza: kidogo ni kutoka wapi hadi wapi?

Mimi mpika chumvi. Gunia zima nimelipima asubuhi,
na hadithi niliyowaletea ilikuwa chapwa.
Nikaanza upya.
Kutoka mlangoni hadi kabatini.
Kioo kilivunjika.
Hapana. Nilikivunja, kwa bega lake.
Adela hakulia. Aliokota vipande
mtoto asije akakanyaga.

Hakuna aliyepiga makofi.
Yule wa stesheni alitazama viatu vyake.

Wala hakuna aliyeuliza, "Alikuudhi nini?"
Jibu nilikuwa nalo, miaka sita, limeiva.
Nikalimeza.

Adela yuko kwa dada yake, ng'ambo ya reli.
Butoyi kasema: usimpelekee Alhamisi zako kama zawadi.

Usiku nakoka moto chini ya karai,
nahesabu pumzi nilivyofundishwa.
Moja.
Mkono unaochochea kuni
ni ule ule.
Mbili.