Mlango wa Dereva

Bedifodi la baba limelala Makorora tangu mvua za Elnino,
mbele juu ya mawe, nyuma juu ya magogo,
likimngoja Hemedi apate hela ya injini.
Hemedi yuko Dodoma. Kila mwisho wa mwezi huniambia, "Mwezi ujao,"
nami kila mwisho wa mwezi hununua msasa.

Kwani kutu haina mwezi ujao.
Hapa Tanga chumvi haikai chunguni:
hupanda na upepo, huruka mapaa ya watu,
hutua juu ya bati usiku, haibishi hodi.
Asubuhi unapapasa boneti, kidole kinarudi na rangi ya ugoro.

Fundi Semboja alinifunza kwa mpini wa bisibisi.
Gonga, akasema.
Likilia ngo, hiyo ni kutu ya juu, imekuja kutembea tu.
Likilia pu, imeshahamia, ina watoto humo ndani.
Nimeligonga gari zima kama daktari wa vifua.
Madigadi, ngo. Boneti, ngo ngo.
Chini ya betri, pu.
Hapo nilifumba macho nikapita.

Basi ni kazi ya mikono: brashi ya waya,
msasa namba themanini, kisha mia na ishirini,
tambara la mafuta ya taa,
oili chafu kwenye kingo ambako rangi itachelewa kufika.
Vumbi jekundu linaniingia hata nikipenga kamasi naliona gari.
Jirani yangu Mwanakombo aliniuliza kwa dirishani
kama ninaoa au ninazika.

Jumamosi nikaanza mlango wa dereva.
Bluu ikabanduka maganda. Chini yake kijani.
Na juu ya kijani, kwa rangi nyeupe,
kwa mkono wa baba usiojua mstari:

RIZIKI

kisha kidonda cha kutu, upana wa kidole gumba,

kisha ANGU.

Nikachuchumaa, msasa mkononi.
Herufi moja tu imeliwa.
Ikiwa ni Y, basi ni marobota ya mkonge, Ngomeni hadi bandarini,
ni ada zetu, ni unga,
ni zile raba za Hemedi alizolala nazo siku tatu.
Ikiwa ni W, Riziki alikuwa mtu,
naye mtu ana kwao, na kwao kuna barabara,
na baba barabara zote alizijua.

Mama akaja na chai.
Maneno mawili hayo aliyatazama kwa muda wa ukurasa mzima.
Akaweka kidole palepale palipoliwa.
"Ngumbaru nilisomea hapa," akasema.
"Mwalimu alitupa a, e, i, o, u. Mlango huu ukanimalizia.
Ndiyo maneno ya kwanza niliyosoma bila kushikwa mkono."

Nikamwuliza: herufi gani, mama?

"Nilichukua msumari," akasema.
"Kesho yake baba yako akaja na kopo la bluu.
Hakuniuliza, sikumwambia.
Wala hakusugua kwanza. Alipaka juu kwa juu."
Akanisogezea kikombe. "Inapoa hiyo."

Alipokwisha kuingia ndani nikagonga pembeni ya kidonda. Ngo.
Nikagonga katikati.
Sikusikia vizuri; Mwanakombo alikuwa anatwanga,
au mpini uliteleza.

Usiku Hemedi akapiga simu. Umefika wapi?
Nikamwambia boneti imekwisha, madigadi yamekwisha.
Na milango?
Wa kushoto tayari. Wa dereva unangoja praima.

Kopo la praima lilikuwa miguuni pangu,
limejaa, kifuniko hakijaguswa.