Njiti Kwenye Ufa

Usiku wa kuamkia Jumanne, saa tisa kasoro,
mfuniko wa sufuria ulianza kuongea peke yake.
Nilidhani panya.
Kisha maji ya ndoo yakajichora duara,
duara ndani ya duara,
na kitanda kikasogea kidogo, kama mtu anayempisha mgeni.

Hapa Igogo, kule juu ambako ngazi zinaisha
na mtu anaanza kupanda kwa magoti,
nyumba yangu ina kuta tatu.
Wa nne ni jiwe.
Nililikuta, likanikuta, hatukuulizana.
Mvua ikinyesha linatoka jasho upande wa kitandani;
jua likiwaka linatunza joto hadi usiku wa manane,
na mwanangu Luhende huliegemea usingizini
kama mgongo wa bibi yake.

Kazi yangu kuponda kokoto.
Miaka kumi na tisa nagonga mawe
kwa nyundo yenye mpini wa mpera,
na miaka yote hiyo
hakuna jiwe lililowahi kunigongea mimi.
Usiku ule lilibisha hodi.
Nilikaa kimya. Hodi ya jiwe unaiitikiaje?
Karibu?

Asubuhi, redio ya Bulugu fundi cherehani
ilikuwa inataja milima
kama mwalimu anayesoma majina ya waliofaulu:
Indonesia, kisiwani huko, mmoja umetapika majivu;
Aisilandi ardhi imepasuka kama kisigino cha kiangazi;
Goma watu wanautazama wa kwao kabla ya kutandika kitanda;
na Oldonyo Lengai, huyu wetu, ameanza tena kukohoa.
Bulugu akaacha kukanyaga mashine ili asikie vizuri.
Mmoja akasema dunia imezeeka.
Mwingine akasema hapana, imekasirika.
Mama Kwandu, sinia la dagaa kichwani, akauliza,
"Imkasirikie nani? Mimi nadaiwa kodi tu."

Wiki ile alipanda kijana wa vipimo, Rwegasira,
na kisanduku chenye sindano
na viatu visivyofaa mlima huu.
Kwao ni ng'ambo, Bukoba.
Habari za kwao hakunisimulia;
nilimwona tu akiupapasa ukuta kabla ya kuingia.
Akaweka kiganja juu ya jiwe langu, akaniambia
hili lilikuwa moto wa kumiminika,
chini sana, kabla ya ziwa, kabla ya samaki.
Nikacheka: kumbe nimeegemea uji ulioganda!
Yeye hakucheka.
"Jiko lilihama tu, mama. Halikuzimwa."

Alipoondoka ndipo nikauona ufa
kati ya jiwe na matofali,
mwembamba kama mstari wa daftari.
Labda ulikuwepo siku zote.
Nikachukua njiti ya kiberiti, nikaibana humo.
Ufa ukipanuka, itaanguka.
Ndicho kipimo changu. Hakina sindano.

Tangu hapo, kabla ya kunawa uso, naangalia njiti.
Ipo.
Chini kivuko cha Kamanga kinapiga honi,
ziwa limelala kama halijasikia habari yoyote.
Nami nagonga mawe, lakini taratibu,
kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye kichanga.
Nikipasua hili, nani chini anashtuka?

Jana njiti haikuwepo.

Nilipapasa vumbi. Nikajaribu kidole kwenye ufa:
hakiingii, lakini na juzi hakikuingia.
Nikatoa magodoro nje, nikatoa vyombo,
nikatoa cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni,
nikaita "Luhende!" kwa sauti iliyowatoa majirani watatu,
Mama Kwandu akiwa na sabuni usoni.

Akatokea nyuma ya nyumba, masizi puani,
birika mkononi.
"Kiberiti kiliisha, mama. Nikaiona hiyo moja."

Tulikunywa chai palepale nje, juu ya magodoro,
na majirani wakapata vikombe vyao.
Hakuna aliyenicheka sana.
Mchana nikanunua kiberiti kipya
na kuchomeka njiti mbili:
moja ya ardhi,
moja ya Luhende.