Vikombe Sita

Mimi ndiye ninayetangulia baruti.
Nabisha hodi na kamera, tochi, kalamu ya risasi,
navua viatu kizingitini
na kuomba nionyeshwe nyufa.

Helsinki, mtaa wa Kallio, yaani Mwamba:
chini ya kila zulia kuna matale,
na anayetaka pa kuegesha magari
sharti aupasue mgongo wa dunia
huku juu yake mtu anamimina kahawa.

Bi Raili Kuoppala, ghorofa ya tatu, miaka themanini na mitano,
ameniwekea mkate wa iliki. Sijala bado.
"Andika na huu," anaelekeza kwa ncha ya mkongojo:
ufa unaoshuka kutoka darini hadi dirishani,
mwembamba, wenye vikonyo, kama mto kwenye ramani.
"Huu si wenu. Huu ni wa usiku wa mabomu.
Mama alinilalia. Chokaa ikamjaa nywele,
nikadhani amezeeka ghafla.
Baba alitaka kuuziba. Mama akakataa."

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakutuachia neno
kuhusu ufa ambao ndio unaoushikilia ukuta.
Naandika: namba kumi na nne. Wa zamani.
Nagandisha juu yake kipande cha kioo;
nyumba ikisogea hata unywele,
kioo ndicho kitakachosema kwanza.

Shimoni, Sointu Vainikka ana matundu arobaini na sita
na hataki hata mawili yalie pamoja.
La kwanza, halafu, kabla kope haijagusa kope,
la pili, la tatu,
mzigo mmoja ukipita bega hadi bega
usimvunje mtu.
Juzi kipimo cha mtetemo kilipanda kuliko alivyoahidi.
Akapunguza theluthi ya baruti.
Msimamizi akahesabu siku kwa vidole:
"Mbili zaidi, Sointu. Unajua mbili ni pesa ngapi?"
"Najua. Na dari ya mtu ni pesa ngapi?"
Hakungoja jibu. Aliita winchi
ilaze mikeka ya matairi makuukuu juu ya matundu,
mmoja, mwingine juu yake, na mwingine,
jiwe lisije likapata mbawa.

Saa nane kasoro dakika tano nimerudi ghorofa ya tatu.
Kabati la vikombe liko wazi, tupu.
Bi Raili yuko chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda.
Amevilaza vikombe sita vya harusi yake godoroni,
akavifunika blanketi la sufu,
na juu ya blanketi, kiganja.

King'ora. Mara tatu.
Kisha si mlio; ni kama mtu mzito
amejigeuza usingizini, mahali pa chini mno.
Kahawa yangu inachora duara moja.
Taa inafikiria kuyumba, inaghairi.

Natazama kioo: kizima.
Natazama mashine: chini ya kiwango, chini sana,
na ningependa kumwambia namba hiyo
kama mtu anayetoa zawadi.

"Tayari?"
"Tayari, Bi Raili."
"Na kesho?"
"Kesho saa nane. Na keshokutwa. Mpaka Oktoba."

Anapima kitanda kwa macho, kisha kochi la sebuleni.
"Basi wao walale hapa," anasema,
akiusukuma mkate wa iliki upande wangu.
"Mimi nitahamia kule."