Kopo la Maswali

Ukurasa wa arobaini na saba una dunia
iliyojifunika blanketi la gesi.
Nilipowaonyesha, Famau alipiga miayo
nikamwona hadi kidakatonge.
Nikafunga kitabu, nikaweka kopo tupu la maziwa mezani:
andikeni mnalotaka kujua, jina si lazima.

"Kwa nini chai ya kwetu ina chumvi
na mama anaapa hakutia?"
"Punda nao husikia joto kama sisi?"
Karatasi ya tatu ilikuwa moyo na mshale. Nikaitia mfukoni.

Sikujibu. Nikasema kesho kila mtu aje na maji ya kwao.
Wakaja na chupa za Langoni, za Mkomani, za Wiyoni,
tukaonja kwa kijiko. Shekuwe alikunja uso:
"Bibi asema kisima hiki kilikuwa kama dafu."
Kilikuwa lini? Hakujua. Akaenda kuuliza,
akarudi na miaka, na majina ya watoto waliozaliwa miaka hiyo.
Ndipo nikachora: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi
kama utandu juu ya maziwa;
mvua ikikosa, ndoo zikizidi, bahari ikipanda,
utandu huchanika.
Famau hakupiga miayo.

Kisha la Bunu, aliyeandika jina lake akalipigia mstari:
"Baba hukata mikoko. Boriti ndizo karo yangu.
Nimchukie?"
Punda alilia nje, hakuna aliyecheka.
Nikawaambia: dari ninayolala chini yake,
baba wa mtu aliikata.
"Na huo moshi unaopasha bahari, ni wetu?"
Tukahesabu magari ya mitaa yetu kwa vidole,
vidole vikabaki.
"Basi tunalipa deni la nani?"
Nikaliandika ubaoni, chaki ikakatika.

Sikulifuta.
Siku ya bamvua, maji yalipopanda gatini,
niliwakuta saba wao, viatu mkononi,
wakitia alama kwa rangi ya kucha ya Mwanatumu:
kipandio cha nne, tarehe, saa.

Jumatatu kopo lilikuwa na karatasi moja:
"Mwalimu, wewe ulipokuwa na umri wetu
ulikuwa ukiuliza nini?"

Leo Alhamisi.
Nimeandika mistari miwili,
nimefuta mmoja.