Makabidhiano

Funguo ni saba, makufuli ni matatu.
Usiniulize nne zilizobaki zinafungua nini.
Nami nilimuuliza aliyenitangulia, akacheka,
akatia sahihi, akaondoka na kalamu yangu.

Ndugu Shekiondo,
bustani hii ya Barabara ya Tisa
kwenye karatasi ina taa kumi na mbili.
Zihesabu usiku, utapata mbili,
na moja huwaka ikipenda, kama karani wa masjala.

Bomba liko nyuma ya choo. Hutoa maji saa tisa usiku,
ndiyo sababu Mhina hulala na sikio moja wazi,
awahi kujaza mapipa kabla halijaanza kukohoa.
Mhina ni kibarua. Daftari halimjui.
Huu mwezi wa tatu hajalipwa, na kila asubuhi
nakuta majani ya mkungu yameshafagiliwa.
Mwanzo nilimwita ofisini nimpe maelekezo.
Siku hizi nachukua ufagio wa pili.

Kuhusu bembea: mnyororo mmoja uliibwa,
ukapimwa kwa kilo kwa wanunua chuma, Makorora.
Niliomba nati mbili na mnyororo wa futi sita.
Barua ikapanda, barua ikashuka,
ikarudi na mihuri minne na swali moja:
"Bembea ni mali ya idara ipi?"
Nimeifunga kwa kamba ya manila, watoto wasipande.
Wanaifungua. Naifunga. Wanaifungua.
Mafundo yao sasa yamepita yangu.

Mbuzi ni wa Bi Mwanakombo.
Ukimkamata, mwenyewe atakuja na sahani ya visheti,
atakuuliza hali ya mama yako,
na utamfungulia kwa mikono yako. Nimeshajaribu.

Sasa, kile kijia.

Watu walikata bustani mshazari, kona hadi kona.
Nikasimika kibao: USIKANYAGE MAJANI.
Kikawa egemeo la baiskeli.
Nikazungusha seng'enge, ikakatwa.
Nikapanda michongoma,
ikakanyagwa ingali inajifunza kuchoma.
Nikapiga kelele. Nilikuwa na sauti, mimi,
waulize hata wa Chumbageni.

Mpaka Novemba moja, hasira zimenijaa,
nikakaa benchini tangu adhana ya alfajiri
na daftari, niwahesabu wahalifu.
Wa kwanza, mama wa vitumbua,
beseni kichwani, mvuke ukimfuata nyuma.
Wa pili hadi wa tisa, watoto wa shule,
viatu mkononi visilowe umande.
Wa kumi na nne, mwanamume amembeba mkewe mgongoni.
Akaniuliza, akihema,
"Dada, kwenda hospitali, hapa ndiyo karibu?"
Nikanyoosha mkono nimwoneshe lango kuu.
Mkono ukaenda kwingine.
"Ndiyo. Pita hapa. Angalia, mbele kuna shimo."

Daftari nikalifunga.
Jumamosi mimi na Mhina tukaomba matofali,
vipande vya ukuta wa zamani wa soko,
tukavipanga kuanzia kona hadi kona,
pale pale miguu ilipokwisha kuchora.
Shimo tulilifukia kwanza.

Mkuu wa idara akaja na gari,
akasimama juu ya matofali, viatu vyake vikavu,
akauliza, "Nani ameruhusu hiki?"
Mhina akatazama ufagio.
Nikasema, mimi.

Basi mimi nahamia machinjioni,
na wewe unasoma karatasi hii.

Nati mbili nilinunua mwenyewe,
elfu nne, risiti sikupewa.
Zimo droo ya chini, ndani ya kipande cha gazeti.
Mnyororo bado.

Tia sahihi hapo chini.
Kalamu nakuachia, barua ni nyingi.
Ya kwanza, andika jina la Mhina,
kwa herufi kubwa,
mahali ambapo daftari haliwezi kuliruka.