Wiki Mbili za Ini

Daktari Intisar hakutaja moyo.
Aligeuza kioo, akanionesha kivuli kipana
kimejilaza juu ya tumbo kama paka juu ya godoro.
"Ini lako, Ghaniya. Limenona.
Chuma changu hakitapata njia hapo.
Nipunguzie kilo tisa, ndipo nikupe tarehe."

Ini!
Na mama akinipakata ndivyo alivyoniita, ini langu,
na nikimuudhi, nimemkata maini.
Sikujua kuwa lina uzito.
Sikujua kuwa hunona kimyakimya
kwa kila ulichopewa kwa mapenzi
ukaona haya kukikataa.

Basi supu, ichujwe hata karoti isibaki.
Basi laban, na unga wa vanila wenye ladha ya chaki.
Basi saa nne za usiku, Al-Khudh, mwezi wa sita,
lami bado inatema moto wa mchana,
nazunguka uwanja wa mpira nyuma ya msikiti
na viatu vya mwanangu Haitham,
abaya imeninata mgongoni.
Gari inapunguza mwendo, kioo kinashuka, jirani Muhenna:
"Mama Haitham, gari imekuharibikia wapi?"
Mji huu, aendaye kwa miguu ana msiba au ana deni.
Nikamwambia natafuta paka.
Usiku wa pili yeye na wanawe wakatoka na tochi
kunitafutia paka.

Siku ya saba, matanga ya shangazi Zamzam, Barka.
Halwa nyeusi ya zafarani, ingali na joto,
sinia linapita mkono kwa mkono, linasimama kwangu.
"Kidole kimoja tu. Cha marehemu hakikataliwi."
Nikasema nina sukari.
Ni nyepesi kuibeba sukari
kuliko kusema nakwenda kukatwa tumbo,
maana nilikwishawasikia, kona ile,
wakimteta binti wa Bi Thuwaiba:
"Kaona uvivu kuufunga mdomo, kaenda kufungwa na daktari."
Wote wakaniombea afya.
Nikaitikia amina kwa maradhi nisiyokuwa nayo,
na harufu ya hiliki ikanifuata garini
mpaka njia panda ya Mawalih.

Lakini hayo si kitu. Kitu ni kawa.

Mama siku hizi hajui mwaka.
Hajui kama tulihama Unguja,
au hujua asubuhi, adhuhuri kashasahau.
Ila kila magharibi hunipakulia sahani yangu,
wali, samaki wa nazi juu yake, ndimu pembeni,
akaifunika kwa kawa lake la ukili,
akaketi kuilinda
kama alivyolinda zamu yake kwenye foleni ya mchele
mwaka ule alipolala na njaa ili mimi nisilale nayo.
Nafunua. Nanusa. Nafunika.
"Nimeshiba, mama."
Usiku kumi na mbili nimemdanganya mtu mmoja
kwa neno moja.
Sahani humwendea Rafiq, mlinzi wa jengo la pili;
naye ameanza kuota kitambi.

Leo mizani imesoma mia na ishirini na tano.
Intisar akanipaka ule ute wa baridi chini ya mbavu,
akateleza, akasimama, akacheka:
"Limekubali. Jumatatu, saa moja asubuhi."
Nikatazama kioo.
Paka bado yupo, ila amejikunja.

Nimerudi nyumbani, sijavua hata abaya,
mama kanishika kiwiko,
kakipima kwa vidole kama anayenunua kuku:
"Umekonda, ini langu.
Nani anakunyima?"

Kalifunua kawa mwenyewe,
kafinya tonge dogo, la mtoto anayeota meno,
kalileta mpaka mdomoni pangu.

Nimelipokea kwa kiganja.
Bado lina joto.
Naye amekaa, ananitazama koo.