Nguzo Nane

Ligi ya mpira wa yai imeongeza timu mbili:
Mbagala Kizuiani, na sisi wa Kurasini.
Katibu Mwamtoro kaleta barua karakanani Keko,
kaitandaza juu ya mtungi wa gesi:
Fundi, nataka nguzo nane.

Nane? Goli lina milingoti miwili na mtambaa wa panya.
Hili halina panya, kasema. Nne huku, nne kule.

Nikacheka. Nikachomelea
mabomba ya maji ya mtaa uliobomolewa,
kutu nikaitoa kwa msasa mpaka kucha zikawa nyekundu.
Malipo nusu. Nusu nyingine, Mungu akipenda.

Jumamosi tumefungwa
mia na nne kwa tisa.
Wametiwa kujaza jedwali tu hawa, watu wakasema.

Mimi nilikuwa nyuma ya goli, nakagua maungio yangu,
Pazi alipofyatua moja kutoka mbali,
ikagonga nguzo ya ndani: ngwee!
Mwamuzi kanyoosha kidole kimoja.
Kumbe huku hata kugonga mwamba kuna pointi.

Mwamtoro, hiyo moja
umeiandika jina la nani?